Mchele wa Maji Saba

Mwaka wa tisini na tano, watu walikuwa bado wanashuka Kagunga mpakani kutoka Burundi. Boti zilikuwa bado zinawaleta Kigoma mjini, wamekumbatia masufuria na watoto. Egide Ngendakumana na mkewe Gloriose walikuwa wametangulia mwaka mmoja, na sasa walijiona wenyeji kidogo. Walikuwa na chumba mtaa wa Katubuka. Egide alikuwa na kazi ufukweni Katonga.

Kazi yake ilikuwa kuziba mitumbwi. Mitumbwi iliyovuja ilivutwa mchangani na kulazwa ubavu. Egide aliipitia ufa kwa ufa, akishindilia pamba iliyolowekwa mawese. Alipiga nyundo tangu asubuhi mpaka jua lilipoinama upande wa Kongo. Ng'ambo kule milima ilikuwa ya buluu. Egide alipenda kuitazama akipumzika. Siku nyingine aliona kama inasogea karibu, kisha inarudi mahali pake.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Wenzake walibeba ubao mmoja, yeye alibeba miwili na kuuliza kama hakuna wa tatu. Mtu wa namna hiyo humwambii habari za ugonjwa wa moyo. Atakucheka mpaka machozi yamtoke.

Shida ilianzia kwenye sahani ya maharage.

Wiki ile walipohamia Katubuka, mwenye nyumba aliwaletea chakula. Huyo alikuwa Mama Margareta, mjane wa Kibembe. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo naye akiwa mgongoni. Alikuwa na sauti ya kumwamsha mtu wa mtaa wa pili, na mkono mwepesi wa kutoa. Alileta maharage yaliyoungwa kwa mawese, na mboga ya lenga-lenga juu yake.

"Karibuni, wanangu. Mukule mushibe," alisema. Akaweka sahani, akaenda zake.

Egide aliitazama sahani ile. Hakuigusa.

"Umeona?" alimwuliza mkewe. "Hakuonja."

Kwao Burundi, mtu akikukaribisha pombe huionja yeye kwanza, mbele yako. Akishameza, ndipo anakupa. Ni adabu, tena ni kama kiapo kwamba hakuna sumu. Hiyo ni desturi ya pombe. Lakini Egide aliipeleka mpaka kwenye vyakula, na hakufanya hivyo bure. Walipokuwa wanakimbia vita, kaka yake Niyokwizera alipewa pombe ya ndizi kwenye nyumba wasiyoijua. Alikuwa na kiu, akanywa. Hakuna aliyeionja kabla yake. Siku ya tatu alikufa akitapika. Egide alimzika kwa mikono yake kando ya njia, akaondoka akikimbia. Mtu aliyepitia hayo usimcheke akiogopa sahani.

Kesho yake alimsimulia Bucumi. Bucumi alikuwa mtu wa kilima kimoja nao kule Burundi, na sasa alifanya kazi na Egide ufukweni. Alijua kila kitu, isipokuwa wakati wa kunyamaza.

"Hakuonja?" Bucumi alitikisa kichwa. "Basi umeshajua. Sumu za siku hizi ni za polepole. Zinaanzia miguuni."

Egide akakata shauri. Hatakula tena kitu kilichopita mikono ya watu.

Siku zile zile mwenye boti mmoja alimlipa kwa magunia mawili ya mchele. Ulikuwa mchele mweupe pe, umekobolewa na mashine mpaka unang'aa. Magunia yalikuwa yameshonwa bado, na Egide aliukata uzi mwenyewe. Tangu siku hiyo chakula chake kikawa kimoja. Asubuhi wali na chumvi, jioni wali na chumvi. Katikati alikunywa chai ya rangi aliyoipika mwenyewe, kali, yenye sukari ya kukwangua meno.

Na alivyouosha mchele huo! Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa, akayamwaga. Maji ya pili akayamwaga. Aliosha na kumwaga mpaka maji ya saba, yakawa maangavu kiasi cha kuona mistari ya kiganja chake chini ya beseni. Kisha aliupika kwa maji mengi, na hayo nayo akayachuja na kuyamwaga.

"Sumu hukaa kwenye vumbi," alisema.

"Hata samaki huli?" Gloriose aliuliza. "Na ziwa lote hili?"

"Samaki amepita mikono mingapi mpaka afike kwetu?"

"Na mimi unaniogopa?"

"Wewe sikuogopi. Naogopa wanaokuuzia."

Gloriose akaenda kuchota maji. Alikuwa mpole, lakini alikuwa na siri yake, nasi tutaifikia.

Miezi miwili ikapita, ikaingia ya tatu. Egide alianza kusikia miguu inawaka moto nyayoni, kisha inakufa ganzi. Ubao mmoja ukawa mzito. Akipiga nyundo mara kumi, ilimbidi akae mchangani atafute pumzi. Alasiri, jua likiwa kali na ziwa limetulia, alisinzia ameegemea mtumbwi macho yakiwa wazi. Aliiona milima ya Kongo ikivua viatu na kuingia majini. Alimwona Niyokwizera anatembea juu ya ziwa, polepole, kama anayevuka shamba la majani mafupi. Haikuwa ndoto ya kutisha. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Egide alitaka kusimama amfuate.

"Boti gani hiyo inakuja?" aliuliza siku moja. "Nasikia injini."

Bucumi aligeuka akatazama ziwani. "Hakuna boti."

Egide aliweka mkono kifuani. Injini ilikuwa humo. Ilikuwa inapiga mbio, peke yake, bila mtu kuiwasha.

Miguu ikavimba. Viatu vikakataa kuingia. Akibonyeza mfupa wa muundi kwa kidole, shimo lilibaki hapo muda mrefu. Alihisi ziwa limeingia ndani yake kupitia nyayo na sasa linapanda taratibu, limefika magotini. Kulala chali hakuweza tena, maana alijihisi anazama. Alilala amekaa, mgongo ukutani.

Ijumaa asubuhi alimwita mkewe.

"Wamenipata, Gloriose. Imeanzia miguuni, vile vile alivyosema Bucumi. Jumapili watu wa kilima chetu watakuja wakitoka kanisani. Tutamweka yule mama katikati, ajibu."

Gloriose aliogopa. Alijua mambo ya kumweka mtu katikati. Huanza kwa maswali, na hayaishii kwenye maswali. Alimtazama mumewe, midomo imekuwa ya buluu, akaona kwamba huenda Jumapili yenyewe asiifikie. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alisema kwa sauti ya kawaida:

"Sawa. Lakini kwanza twende zahanati. Mganga akisema ni sumu, mimi nitakuwa wa kwanza kusimama mbele ya watu."

Egide hakuona njia ya kukataa. Majirani wakamweka nyuma ya baiskeli, Gloriose akimshikilia kiunoni asidondoke.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili. Tabibu alikuwa Verediana, mama wa Kiha kutoka Kasulu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ametibu wakimbizi kambini miaka miwili, na sura yake ilikuwa ya mtu asiyeshtuka ovyo.

"Shikamoo, mama," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Kaa hapa. Usilale, kaa tu."

Alimtazama Egide ndani ya kope kuona kama ana damu. Alipima presha. Alitazama mishipa ya shingo jinsi ilivyosimama. Alipima mkojo kwa karatasi yake. Mwisho aliweka mpira wa kusikilizia kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Damu unayo," alisema. "Mkojo hauoneshi shida ya figo. Ila moyo wako unakimbia sana, na umechoka. Umepanuka. Unashindwa kusukuma maji, ndiyo maana yamekaa miguuni, na mengine yako mapafuni."

"Moyo?" Egide alijaribu kucheka, pumzi ikakatika. "Mimi kijana, mama. Moyo ni wa wazee."

"Nimeona wa miaka ishirini wanaumwa moyo. Nimeona na watoto wachanga. Unaota vitu mchana?"

"Ego," alijibu kwa Kirundi. Ndiyo. "Mama, ni sumu. Kuna mtu ananilisha."

"Anakulisha nini?"

"Hanilishi. Nimekataa chakula chake."

Verediana alivua miwani. "Umekataa chakula chake, na bado anakulisha. Hebu niambie basi, unakula nini? Kila kitu. Tangu asubuhi."

Egide alimwambia. Wali, chumvi, chai, sukari. Alimweleza na maji saba, tena kwa majivuno kidogo. Verediana hakumkatiza. Alipomaliza, tabibu alimgeukia Gloriose, akainama akambonyeza muundi. Hakuna shimo. Akaweka mpira kifuani kwake. Moyo ulikuwa unapiga taratibu.

"Mnalala chumba kimoja?"

"Ndiyo."

"Maji mnachota pamoja?"

"Pamoja."

"Na wewe unakula wali huo huo?"

Gloriose alitazama sakafu. Vidole vyake viliusokota mtandio. Egide aliona machozi yanamdondoka, asielewe ni ya nini.

"Mimi," Gloriose alisema, "nakula kwa Mama Margareta."

Egide aligeuka kumtazama.

"Kila siku, Egide akiwa kazini. Maharage, lenga-lenga, dagaa, karanga. Tangu ile sahani ya kwanza. Wewe ulitoka nje, mimi niliila yote." Aliinua uso. "Hakuonja hata siku moja, Egide. Na mimi mzima."

"Mana yanje," Egide alisema. Mungu wangu. Kwanza alikasirika, maana mkewe alimdanganya miezi mitatu. Kisha aliona aibu. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kitu kilichokaza tangu kando ya ile njia alikomzika Niyokwizera. Alikisikia kinalegea.

Verediana alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Hakuna aliyekulisha sumu. Mwili wako umekosa kitu. Kinaitwa vitamini B1. Wali na sukari ni kuni. Wewe umerundika kuni nyingi, lakini hujaleta kiberiti. B1 ndiyo kiberiti. Bila hiyo, chakula hakigeuki nguvu. Mguu ukikosa nguvu utakaa chini. Moyo hauwezi kukaa chini, unafanya kazi saa zote. Kwa hiyo unachoka, unapanuka, unavimbisha miguu. Ugonjwa huu unaitwa beriberi. Mtu anaweza kufa nao, hata kijana anayebeba mbao mbili."

"Lakini mchele ni chakula kizuri."

"Mchele hauna kosa. Vitamini hiyo hukaa kwenye ganda la ndani la punje, lile jekundu au la hudhurungi. Mashine ikikoboa mpaka mchele ung'ae, ganda limekwenda. Kidogo kilichobaki kinayeyuka kwenye maji. Wewe ukakimwaga mara saba, kisha ukamwaga na maji ya kupikia. Halafu chai kali nayo inaiharibu hiyo vitamini tumboni."

"Yale maji meupe," Egide alinong'ona.

"Yale. Ulikuwa unamwaga dawa ukidhani unamwaga sumu."

Akavuta sindano. "Nakuchoma B1 yenyewe. Kama ni hiyo, kesho au kesho kutwa utaniambia mwenyewe. Kama siyo, nakupeleka hospitali kubwa. Miguu ikivimba kuna magonjwa mengine, ya figo, ya ini, na ya moyo ya aina nyingine. Ndiyo maana sitaki mtu ajinunulie vidonge kwa kukisia. Aje apimwe."

Egide alimshika mkono kabla sindano haijaingia. "Na kaka yangu? Yeye alikufa kwa nini?"

"Kaka yako sikumwona. Siwezi kukudanganya."

Egide aliitikia kwa kichwa. Jibu hilo lilimtuliza kuliko kama angeambiwa uongo.

Alilazwa kwenye kitanda kilichokuwa kando ya dirisha. Ziwa lilionekana hapo, kipande kidogo kati ya mapaa mawili. Alasiri yote alisinzia na kuamka. Alimwona tena Niyokwizera. Safari hii hakuwa majini. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anafunga kamba za viatu. Alipomaliza alimgusa mdogo wake goti, akatoka nje, akapanda kilima kwa miguu yake. Egide hakutaka kumfuata.

Kisha mkojo ukaanza. Alikwenda chooni mpaka akaona haya. Gloriose alihesabu mara kumi na moja akaacha kuhesabu. Lile ziwa lililompanda lilikuwa linashuka. Jumamosi asubuhi ngozi ya miundi ilikuwa na mikunjo, na Egide alijikuta amelala chali, kichwa kwenye mto, na hakumbuki alilala saa ngapi.

Verediana aliingia akamtazama. "Nani mshindi, sumu au kiberiti?" aliuliza. Egide alicheka, na pumzi haikukatika.

Mchana alikuja Mama Margareta na sufuria kichwani. Gloriose alikuwa amemweleza yote, hata habari ya Jumapili. Mama yule alitua sufuria juu ya meza kwa kishindo.

"Kwetu mutu akionja chakula ya mugeni, amemutukana," alisema. "Ni kama kumupa makombo. Miye nilikuheshimu, mwanangu. Nikakupa sahani muzima. Wewe ukaniita mulozi."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe ukishapona. Leo bado nina hasira." Alifunua sufuria, akachota maharage kwa kijiko. "Lakini kama ni kuonja, nitaonja."

Egide aliuzuia mkono wake. Alikitwaa kijiko, akakipeleka kinywani mwake. Hofu ilikuja, maana hofu haitoki kwa sindano. Akatafuna, akameza, akachota tena. Mama Margareta alimtazama mpaka sufuria ilipofika nusu, ndipo akavuta pua na kukaa kitandani karibu yake.

Jumapili watu wa kilima walikuja zahanati, wamevaa nguo za kanisani. Hakuna aliyewekwa katikati, isipokuwa Bucumi. Egide alimwonesha miguu yake iliyonywea, akamweleza habari ya maji saba. Bucumi alikohoa. "Hata mimi nilikuwa na mashaka na ile sumu," alisema. Wote wakaangua kicheko, na Gloriose alicheka kuliko wote.

Verediana hakuiacha nafasi hiyo. Alisimama mlangoni akawaambia watu waliovaa vizuri mambo ya jikoni. Mchele uoshwe mara moja tu, upikwe kwa maji yanayokauka ndani yake. Atakayepata mchele usiokobolewa sana, huo ni bora. Unga wa dona na ulezi ni bora kuliko unga mweupe. Maharage, njugu, karanga, dagaa na mayai vina B1. Maharage yasipikwe kwa magadi, yanaiua. Chai inywewe baada ya chakula kutulia, siyo pamoja nacho, na pombe ya kila siku nayo inamaliza B1 mwilini.

"Na mama anayenyonyesha ale vizuri," alisema, "maana mtoto anapata kwake. Ukiona mtu pumzi inakatika, miguu inavimba, moyo unakwenda mbio bila kazi, msimtafute mchawi. Mleteni hapa siku hiyo hiyo."

"Hata kama kijana?" mmoja aliuliza.

Verediana alimwonesha Egide kwa kidole, akaingia zake ndani.

Egide alikwenda kwa sindano siku kadhaa, kisha akapewa vidonge vya kumeza. Tabibu alimkataza kubeba mbao mpaka atakapomruhusu, na hilo lilimwuma kuliko sindano. Nyumbani Gloriose alipika mbele yake bila siri. Siku ya kwanza alipoosha mchele mara moja tu, Egide alisimama mlangoni akiyatazama maji meupe kama mtu anayeaga. Akayaacha. Jioni walikula uani, sahani moja na Mama Margareta, na hakuna aliyeuliza nani aanze.

Wiki ya sita walirudi zahanati pamoja. Verediana alisikiliza kifua cha Egide, akasikiliza tena upande wa mgongo. Kisha akavua mpira masikioni na kumpa.

"Sikiliza mwenyewe. Kesho unaweza kurudi kazini. Ubao mmoja mmoja, lakini."

Egide aliweka mpira masikioni. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha akausikia, mbali kidogo, unapiga, unapumzika, unapiga. Alikaa hivyo mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakaanza kuchungulia. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Ni wangu huu?" aliuliza.

"Ni wako."

Alimpa Gloriose mpira. "Na wewe usikilize."

Gloriose aliushika, lakini hakuuweka masikioni.

"Mimi nilikuwa nausikia bila mpira," alisema. "Ulikuwa unagonga mpaka kitanda kinatikisika, na mimi niko macho mpaka asubuhi. Sasa siusikii tena, Egide. Sasa nalala."